Mifereji Niliyoifuta kwa Tupa

Kabla hujafungua chupa ya rangi, geuza mkono wa mteja kwenye mwanga. Usiutazame kwa juu juu kama mtu anayepita dukani bila nia ya kununua. Uinamishe kidogo ili mwanga upite ubavuni mwa ukucha, hapo utaona kama uko sawa au una bonde. Ukiona bonde limelala, limekata ukucha kutoka upande huu hadi upande ule kama mfereji wa maji shambani, weka tupa chini kwanza. Hilo ndilo jambo moja ninalolijua vizuri hapa duniani. Mengine nilifundishwa chuo kikuu, na mengi yake nimeshayasahau.

Nawaandikia ninyi vijana mnaotengeneza kucha pale Nkende na kwingineko mjini Tarime, wenye viti vya kuzunguka, taa ndogo za kukaushia jeli, na mashine zinazolia kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Mwezi uliopita niliingia kwenye saluni yenu moja, nikakaa kwenye benchi la wateja, nikatazama kazi. Binti mmoja alibandika kucha kumi za bandia kwa muda ambao mimi ningekuwa bado naomba maji ya moto kwa mama lishe. Nilitoka na wivu, na nilitoka pia na maneno ya kusema. Hakuna aliyeniuliza, ndiyo maana naandika.

Mimi kazi hiyo niliifanya miaka kumi na minne bila kiti cha kuzunguka. Nilikuwa na kikapu, beseni la plastiki, jiwe la kusugulia visigino, tupa mbili, mkasi wa kucha, na chupa za rangi nilizokuwa nikizigonganisha njiani ili watu wajue napita. Nimestaafu kwa sababu ya mgongo. Hakukuwa na sherehe ya kuagwa, na kiinua mgongo changu ni kwamba sasa nikiinama siinuki haraka.

Sikuanza kwa kupenda. Nilirudi nyumbani Nkende na shahada ya sosholojia. Mama akaitundika ukutani, karibu na kalenda ya duka la mbegu. Miaka ile kupata ajira serikalini ilikuwa ndoto, nami niliandika barua za maombi nzuri mno. Naamini ndizo maandishi yangu bora hadi leo, na zimesomwa na watu wachache kuliko hata haya.

Wakati huohuo Kemambo, upande wa machimbo wa Tarime, ilikuwa inajaa watu. Dhahabu ilikuwa imewaita kutoka Shinyanga, Kigoma, Singida, kila mtu na sululu yake. Mashamba ya mahindi yalikuwa yametobolewa kama sufuria kuukuu. Nami nikaenda kuchimba. Nilichimba siku nne. Siku ya tano msimamizi akaniita pembeni, akaiangalia mikono yangu iliyojaa malengelenge.

"Mura," akaniambia, kwa neno ambalo sisi Wakurya humwita kijana, "wewe umesoma?"

"Nimesoma."

"Inaonekana."

Akanipa chai, akaniaga.

Aliyeniokoa ni Mzee Shabani. Alikuwa mtu wa Tanga aliyefika Tarime zamani akiwa kinyozi, akaoa, akabaki. Dhahabu ilipoanza alihamisha kiti chake kwenda kwenye soko la Kemambo, na huko akagundua jambo ambalo wengine hawakuliona: mchimbaji akipata kitu, haja yake ya kwanza ni asionekane mchimbaji. Anataka kwenda mjini na mikono ya karani. Kwa hiyo Mzee Shabani akaongeza kucha kwenye kazi ya kunyoa, na kazi ikamzidi.

"Shikamoo mzee. Nasikia unahitaji mtu."

"Marahaba. Nahitaji mtu asiyeona haya kuosha miguu ya mwanaume mwenzake. Wewe unaona haya?"

"Naona."

"Angalau husemi uongo. Kaa."

Haya hiyo niliiona miaka miwili mizima. Vijana wa rika langu walikuwa wakipita pale, wakisimama mbali kidogo na kuuliza kwa sauti: "Msomi! Huko chuo mlifundishwa kisigino mwaka wa ngapi?" Nilijibu kwamba mwaka wa tatu, baada ya goti. Jina la Msomi likanishika, na hadi leo wapo wazee Kemambo wasiojua jina langu jingine.

Mzee Shabani hakuwa daktari na hakujifanya daktari. Lakini alikuwa ameshika mikono ya watu tangu ujana wake, na mtu akishika kitu kimoja kwa muda mrefu huanza kukisoma. Wiki ya kwanza alinipa mkono wa mteja akauliza, "Mkono huu unasema nini?"

"Unasema ni mchafu."

"Uchafu ni wa udongo. Nakuuliza ukucha."

Akanionyesha. Ukucha huota kutoka shinani, chini ya ile ngozi laini, na husogea mbele polepole. Mwili ukipigwa na ugonjwa mkubwa, homa kali ya siku nyingi, surua kwa mtoto, upasuaji mkubwa, njaa kali, wakati mwingine hata mshtuko wa kufiwa, shina hupunguza kazi au husimama. Mwili una mambo makubwa zaidi ya kushughulikia kuliko kucha. Mgonjwa akipata nafuu, shina linaanza tena, lakini pale liliposimama panabaki mfereji. Mfereji hauponi wala haujifuti. Unasafiri na ukucha kuelekea nchani hadi siku unapokatwa na mkasi.

Sasa sikilizeni kipimo, kwa sababu ndicho alichoniachia. Alikuwa na punje ya mchele, nzima, isiyovunjika, kwenye kikopo cha dawa. Aliilaza juu ya ukucha, kutoka shinani kwenda nchani. Mfereji ukiwa mwisho wa punje moja, mtu aliugua kama miezi miwili iliyopita. Ukiwa mwisho wa punje mbili, miezi minne. Kucha za vidole vya mikono huchukua kama nusu mwaka kutoka shina hadi ncha, hivyo hakuna habari ya zamani zaidi ya hapo. Mimi nilikuja kusoma baadaye kwenye vitabu vya afya kwamba hesabu ile si mbaya hata kidogo. Watu hutofautiana, vijana kucha zao hukimbia kuliko wazee, lakini punje ya mchele haikuwa mbali na ukweli.

Nilipojua hilo nikawa mtu wa kuchosha, kama ilivyo kwa kila aliyejifunza kitu kimoja. Akaja mchimbaji mmoja mwenye mfereji mkubwa kwenye kidole gumba cha kushoto. Nikaushika mkono wake, nikashusha sauti kama mchungaji, nikamwambia: "Ndugu yangu, miezi mitatu iliyopita ulikaribia kufa."

Akanitazama. "Nilijigonga na nyundo."

Mzee Shabani alicheka hadi akaacha kumnyoa mtu katikati. Ukucha mmoja ni ajali ya ukucha mmoja, akaniambia. Ugonjwa wa mwili hauchagui kidole. Tafuta mfereji uleule, kwa umbali uleule, kwenye vidole vingi. Baada ya hapo nikakutana na mwalimu wa shule ya msingi ambaye kucha zake za gumba zote mbili zilikuwa na ngazi katikati, mfereji juu ya mfereji kama ubao wa kufulia, na nyingine nane safi kabisa. Safari hii nilinyamaza nikamwangalia tu. Alipokuwa akisubiri rangi ikauke, kidole cha shahada kilikuwa kinasukuma ngozi ya shina la gumba, kinasukuma, kinasukuma, bila yeye kujua. Nikamwonyesha. "Hivyo ndivyo ninavyofanya nikisahihisha mitihani," akasema, akaficha mikono kama mtoto.

Na mistari ya wima, ile inayotoka shinani kwenda nchani, iacheni. Huja na umri kama mvi. Mzee mmoja aliniletea yake akiwa ameshaandika wosia.

Nimewaeleza yote haya ili muelewe kwamba nilipomharibia Masanja, nilikuwa najua. Kosa la mtu asiyejua ni la kumfundisha. Langu halikuwa la namna hiyo.

Masanja alikuwa mtu wa Shinyanga, mpole, mwenye mabega mapana na maneno machache. Alifanya kazi kwenye duara la Marwa. Duara ndilo shimo pamoja na timu yake. Marwa, mzaliwa wa Kemambo, ndiye aliyekuwa mwenye duara. Marwa alikuwa mrefu, na sauti yake ilikuwa imezoea kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Mwezi wa nne, mvua zikiwa zinapiga, Masanja aliomba ruhusa ya siku mbili kwenda Mugumu kumwona binamu yake. Hakurudi. Wiki ileile viroba sita vya mawe yenye dhahabu vilitoweka kando ya shimo. Siku chache baadaye maji yakajaa shimoni na timu ikatawanyika, kila mtu akasubiri mvua ipungue. Masanja alirejea baada ya wiki tatu, amekonda, akakuta shimo ni bwawa na hakuna wa kumweleza habari zake. Maji yalipotolewa mwezi wa sita na watu wakakusanyika tena, jambo la kwanza lililoulizwa lilikuwa viroba, na jibu lilikuwa limeshapatikana kabla ya swali.

Mimi sikuwa najua lolote kati ya hayo, kwa sababu nilikuwa na wateja wa upande wa pili wa soko na masikio yangu nilikuwa nimeyapeleka huko. Mzee Shabani wakati huo alikuwa amerudi mjini, macho yamemchoka, na kiti kilikuwa changu. Jumamosi moja, kukiwa na foleni ndefu, akaja mbele yangu mtu mpana akanyoosha mikono.

"Nitengenezee ziwe safi," akasema. "Kesho nina kikao na watu."

"Na miguu?"

Akaangalia buti zake za mpira. "Miguu hapana. Miguu inanuka."

Nikageuza mkono wake kwenye mwanga. Mifereji kumi. Yote mwisho wa punje moja ya mchele, imepangana kama watoto wa shule mstarini, yenye kina kiasi kwamba ncha ya tupa iliingia ndani. Sikuwahi kuona mifereji iliyo wazi namna ile. Mtu mwenye akili angeuliza: ndugu, ulipatwa na nini? Mimi niliona kazi. Watu walikuwa wanatazama, na nilitaka waone fundi. Nikachukua tupa nikashusha ukucha wote hadi ukawa sawa na chini ya mfereji, nikapiga msasa laini, nikapaka rangi isiyo na rangi, na mikono ya Masanja ikang'aa kama vijiko vya harusi. Alishukuru sana. Akaniuliza kama kweli ataonekana mtu wa heshima. Nikamwambia hata ubunge anaweza kugombea.

Niseme hapa kitu cha ufundi: kushusha ukucha hivyo ni kuuua. Unabaki mwembamba kama ganda la kitunguu, unavunjika kwa kitu kidogo. Mfereji unaachwa utoke wenyewe. Nilijua pia hilo.

Kesho yake Jumapili, baada ya ibada, nilipita kwenye duara la Marwa nikitafuta wateja. Wanaume kama kumi na watano walikuwa wamekaa chini ya turubai. Masanja alikuwa amesimama katikati, mikono mbele, inang'aa. Nikamuuliza aliyekuwa karibu nami, mchimbaji mwenye mdomo aitwaye Waryoba, kuna nini. Akanieleza yote niliyokwisha kuwaeleza ninyi, kwa kunong'ona, na akaongeza lililokuwa linasubiriwa: Masanja akionekana mwizi, anafukuzwa, na hakuna duara hata moja Kemambo litakalompokea. "Hiyo ni akiwa na bahati," Waryoba akasema, akanionyesha kwa kidevu vijana watatu waliokuwa wamekalia fimbo zao.

Marwa alikuwa anauliza. "Ugonjwa gani?"

"Homa, mzee."

"Homa sote tunaumwa. Hata leo mimi nina homa. Homa ya wiki tatu?"

"Nilikuwa sijui hata jina langu. Nilianguka njiani, Nyambureti. Kuna mama alinichukua akaniweka kwake."

"Mama gani?"

"Mama Nyangi."

Turubai lote likacheka. "Mama Nyangi!" akasema Waryoba. "Kule ukirusha jiwe linampiga Mama Nyangi, likiruka linampiga mwingine!"

"Kwa nini hukuleta habari?" Marwa akauliza. Masanja akasema angeileta vipi. Simu hana, yule mama hana, na alipoweza kusimama alirudi mwenyewe. Marwa akatikisa kichwa. "Mtu aliyeumwa hivyo tungeona alama. Wewe umerudi na mikono ya bwana harusi."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokishika jana, na jinsi nilivyokiharibu.

Nikanyoosha mkono. "Mzee Marwa, alama zilikuwepo. Mimi nimeziona."

"Msomi. Uliziona wapi?"

Nikaeleza. Nikaeleza vizuri, kwa mpangilio, shina, homa, mfereji, punje ya mchele. Nadhani ndiyo mada pekee niliyowahi kuwasilisha mbele ya watu waliosikiliza hadi mwisho. Nilipomaliza Marwa akauchukua mkono wa Masanja, akaugeuza huku na huku. Ulikuwa laini kama yai.

"Iko wapi?"

"Nimeifuta."

"Umeifuta."

"Kwa tupa. Jana. Alitaka ziwe safi."

Sitaeleza kicheko kile. Waryoba alilala chini. Mmoja akasema serikali ilifanya vizuri kutoniajiri, ningepiga msasa faili zote. Lakini mmoja wa wale wenye fimbo hakucheka. Alisema, "Huyu amelipwa." Na nikaona watu wakinitazama upya, na Masanja akanitazama pia, kwa uso wa mtu aliyekuwa na kitu kimoja cha kujitetea akagundua kwamba alimpa mjinga akakiharibu.

"Miguu," nikasema. "Vua buti."

Hakutaka. Ilibidi nipige magoti nizivute mwenyewe, na alikuwa amesema kweli kuhusu harufu. Nikaosha vidole vyake kwa maji ya kunywa ya timu, wakanilaani. Mifereji ilikuwepo. Kwenye vidole gumba vyote viwili vya miguu, na ukitazama kwa ubavu, kwenye vile vya pili na vya tatu, imekata ukucha upande hadi upande. Nikainuka kama mtu aliyepata dhahabu.

Marwa akachuchumaa kutazama. Marwa hakuwa mjinga hata siku moja. "Umesema mwisho wa punje moja ni miezi miwili," akasema. "Huu uko nusu ya punje. Kwa hesabu yako huyu aliugua mwezi uliopita, si mwezi wa nne. Mwezi uliopita alikuwa hapa Kemambo, mzima, watu walimwona sokoni."

"Za miguu zinaota polepole. Nusu ya za mikono, au chini ya hapo."

"Nani kasema?"

"Ndivyo zilivyo."

"Jana zilikuwa mikononi, leo zimehamia miguuni na zinaota polepole." Akasimama. "Msomi, nakuheshimu kwa sababu ya mama yako. Kaa chini."

Sikukaa. Si kwa ushujaa. Nilikuwa nimeiangalia mikono ya Marwa alipokuwa amechuchumaa. Kwenye kila ukucha, karibu na ncha, kulikuwa na mfereji.

"Mzee, wewe uliumwa lini?"

Kila mtu alijua. Mwezi wa pili Marwa alilazwa mjini kwa homa ya matumbo, na kwa wiki mbili duara lilikuwa linaongozwa na kaka yake. Walikuwa wameshaanza kusema habari za mazishi.

"Mwezi wa pili," Marwa akasema. "Sasa?"

"Sasa ni mwezi wa sita. Nipe mkono." Niliomba punje mbili za mchele kwa mama lishe aliyekuwa akichambua wake kwenye ungo pale kando, nikazilaza moja mbele ya nyingine juu ya ukucha wa gumba. Mfereji ulikuwa mwisho wa punje ya pili. Miezi minne. Wale wa mbele wakasogea. "Kama mimi ni mwongo," nikasema, "mguuni kwako mfereji utakuwa punje mbili pia. Kama nasema kweli, utakuwa kama punje moja."

Kumwambia mwenye duara avue buti mbele ya watu wake si jambo dogo kwetu. Nilijua, lakini nikalisogeza beseni karibu naye. Marwa akakaa juu ya kiroba, akavua buti ya kulia mwenyewe, akauweka mguu kwenye beseni langu.

Akaupima mwenyewe; hakuniamini na mchele. Akailaza punje moja juu ya gumba la mguu, akainama hadi pua ikakaribia goti. Akaiondoa, akairudisha tena.

"Moja," akasema.

Waryoba akaja kuhakikisha, akasema, "Moja, na unanuka kuliko wa Masanja," na safari hii hata Marwa alicheka kidogo.

Alipovaa buti alisimama akatoa hukumu, na ilikuwa ya haki kuliko niliyoitegemea. Kucha hazijui viroba viko wapi, alisema. Hata jina la ugonjwa hazijui. Lakini zinasema huyu mtu alianguka wakati uleule anaosema alianguka, na yeye Marwa anakumbuka hali aliyokuwa nayo mwezi wa pili: asingeweza kubeba kikombe, sembuse kiroba cha mawe. "Masanja, kesho unashuka zamu ya asubuhi." Wale wenye fimbo wakasimama, wakajinyoosha kama watu waliokuwa wamekaa tu kupumzika.

Nilitegemea Masanja ashukuru. Mimi nilikuwa tayari kushukuriwa. Alikuwa bado hana buti, vidole vyake vimelowa, na aliongea kwa sauti ya chini ikabidi watu wanyamaze.

"Mmenivua viatu mbele ya watu," akasema. "Mmepima kucha zangu kwa mchele wa kula. Sawa. Lakini nimesema tangu siku ya kwanza, Nyambureti, Mama Nyangi, nyumba ya bati karibu na zahanati. Mzee una pikipiki. Msomi kila mwezi anapita kule na kikapu chake akienda Mugumu. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kuuliza."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilianza kukagua beseni langu kama limetoboka. Kweli, nilikuwa nimepita Nyambureti mwezi ule mara mbili.

Basi, vijana, hayo ndiyo ninayoyataka mkiwa na taa zenu za jeli. Mkiona mfereji uleule kwenye kucha nyingi, msiuzibe kabla hamjamwambia mwenye mkono. Mwambieni polepole, bila sauti ya mchungaji, kwamba huenda mwili wake ulipitia jambo zito miezi kadhaa iliyopita. Kama analijua, mwacheni aeleze. Kama halijui, au mifereji inakuja mmoja baada ya mwingine kila baada ya muda, aende zahanati akapimwe, damu na sukari na mengine, kwa sababu sisi tunasoma tarehe tu. Ugonjwa wanausoma wao. Na anapoeleza, msikilizeni. Kucha za bandia zinafunika kila kitu vizuri sana, ndiyo biashara yake, sina ugomvi nazo. Ila mtu aulizwe kabla ya kufunikwa.

Jumatatu Masanja alishuka zamu ya asubuhi. Wiki ile kucha tatu nilizozifanya nyembamba zilivunjika kwenye kamba, na alikuja nizikate. Marwa naye Jumatatu ileile aliwasha pikipiki, akavuka Mto Mara. Alirudi alasiri. Mama Nyangi alikuwepo, nyumba ya bati, karibu na zahanati, kama ilivyoelezwa. Malaria ilikuwa imempanda Masanja kichwani, akapelekwa zahanati kwa mkokoteni wa ng'ombe, na yule mama alikuwa amelitunza daftari lake la matibabu, lenye jina na tarehe za mwezi wa nne, akijua mwenyewe atalifuata. Alikuwa amemkemea Marwa pia, kwa kumwachia mgonjwa arudi kuchimba bila kumaliza kula vizuri, na akampa jogoo mwekundu ampelekee mwanawe.

Pikipiki iliishiwa mafuta kabla ya soko. Ikabidi Marwa aisukume kwa mkono mmoja, jogoo kwapani, apite sokoni, apite kwangu, apite kwenye maduara yote ya Kemambo, na watu wa kule hawaachi jogoo apite bila kuulizwa, hata akiwa kwapani mwa tata, yaani baba mwenye heshima zake.

"Tata Marwa, jogoo wa nani huyo?"

"Wa Masanja."

"Wa nani?"

"Nimesema wa Masanja," Marwa akajibu, kwa ile sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, na hatua kumi mbele akaulizwa tena.